Visahani Sitini na Tatu

Jumatatu, 30 Machi

Muuguzi anayenipima presha ameniambia nikihisi hasira zinapanda nisifoke, niandike. Nimenunua daftari hili asubuhi kwa kumridhisha tu, na kabla ya adhuhuri nimeshapata la kuandika.

Skuli imefunguliwa baada ya Idd. Mwalimu mkuu wetu, Bi Shemsa, alitukusanya ofisini akatueleza utaratibu mpya. Wanafunzi wa kidato cha pili watachagua wenyewe masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu. Karatasi zimebandikwa mlangoni mwa ofisi, kila somo na yake. Somo litakalokosa majina ishirini na tano ifikapo Ijumaa ya tarehe 22 Mei halitafundishwa tena, na mwalimu wake atatafutiwa pengine pa kukaa.

Mimi Tahir nafundisha baiolojia hapa mwaka wa ishirini na sita huu. Nimebakisha mitatu nistaafu. Hapo pengine pangu tayari napajua: Kiembe Samaki, kusimamia ghala la vitabu. Mimi na panya.

Halafu Bi Shemsa akaongeza kuwa kila mwalimu aandike ukurasa mmoja tu kujibu swali hili: mwanafunzi atakayeliacha somo lako, aondoke na nini? Nikasema aondoke na majuto. Hakucheka.

Jumanne, 31 Machi

Karatasi yangu ina majina manne. Ya biashara, somo la kijana Ayoub, ina thelathini na mbili. Joto kali, mvua hakuna.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimefundisha mzunguko wa maisha ya mbu. Sijisifu, lakini Unguja nzima hakuna anayemchora mbu ubaoni kama mimi. Yai, lava, buu, mbu kamili, chaki za rangi nne, kila unywele mahali pake. Baiolojia tunaifundisha kwa Kiingereza, na majina yote nimeyaandika kwa herufi kubwa ili asiwepo wa kusema hakuona.

Nilipogeuka, mkono ulikuwa juu. Rukaiya, yule msichana wa Bububu anayekaa karibu na dirisha na ambaye darasa zima hufuata anakoelekea.

"Maalim, samahani. Hii itanisaidia nini?"

"Itakusaidia kupasi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu akaona bora akirudishe mezani. Mkaidi yule. Wakati wetu sisi tulikuwa tunanakili tu, na tumekuwa watu.

Jumamosi, 4 Aprili

Masika imeingia alfajiri, imeingia na ugomvi wake wa kila mwaka.

Tunakaa Malindi, ghorofa ya juu kabisa, ngazi sabini na moja, nazihesabu kwa magoti. Huko juu ya dari, paa tambarare, mke wangu Maisara ana shamba lake: makopo na ndoo za asumini, mrehani na waridi. Anafuma vikuba, vile vishada vya maua vya maharusi, na baada ya Ramadhani kila mtu anaoa, kwa hiyo msimu huu hana hata nafasi ya kunisikiliza. Chini kabisa ni duka la vitambaa la Bwana Champsi, na nyuma ya duka ndipo anapokaa na watu wake. Mjukuu wake Urvi ni mwanafunzi wangu, kidato cha pili.

Mvua ikinyesha, makopo yanafurika, udongo mwekundu na samadi vinaingia kwenye mlizamu wa kushushia maji ya dari, na mlizamu unamwaga mbele ya mlango wa Bwana Champsi. Leo maji yale yamerukia jora la kitambaa cheupe.

"Maalim," ameniambia, "mimi na wewe majirani wazuri miezi tisa. Mitatu hii tunakuwa maadui."

Kweli tupu. Nimeahidi kutafuta dawa.

Jumatano, 8 Aprili

Nimempelekea Bi Shemsa jibu la swali lake. Kurasa tisa. Nimeanza na chembe hai na sehemu zake zote, nikapita makundi ya viumbe, nikamalizia na figo. Kazirejesha baada ya kipindi kimoja.

"Maalim, nilisema ukurasa mmoja."

"Bi Shemsa, uhai wote hauingii ukurasa mmoja."

"Basi tia ule utakaoingia."

Majina sita.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimepata dawa. Nimekwenda Darajani nikanunua visahani vya plastiki, vile vyenye kina, sitini na tatu, kimoja kwa kila kopo na ndoo. Nimevipandisha ngazi zote sabini na moja kwa safari mbili, na nimevipanga kwa mkono wangu. Maji ya kopo yanashuka kisahanini, udongo unatuama, mlizamu unatoa maji meupe.

Maisara alisimama mlangoni na sindano ya kufumia asumini mdomoni.

"Mama yangu alikuwa akitandika mchanga chini ya makopo," alisema. "Maji yanapita, udongo unabaki."

Nikamwambia mama yake Mungu amrehemu, lakini huu si wakati wa mchanga. Hii ni sayansi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Majina saba.

Alhamisi, 16 Aprili

Bwana Champsi ametuletea kachori sahani tele, na chatne yake. Mlango wake safi, vitambaa vyake safi, anacheka mpaka jino la mwisho. Urvi ndiye aliyezipandisha ngazini. Nikamuuliza kama amejiandikisha baiolojia. Akasema anaipenda, lakini fomu inataka saini ya mzee wake, na babu anataka biashara kwa ajili ya duka. Nikala kachori ya sita kwa uchungu.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua, jua, mvua. Majina manane.

Jumatano, 22 Aprili

Mbu. Si wa usiku, wale tuna chandarua chao. Hawa wanauma mchana kweupe, wadogo weusi, miguu ina mistari myeupe. Maisara anafuma vikuba huku anajipiga makofi miguuni. Nimemweleza kuwa wanatoka kwenye ule mtaro wa nyuma ya soko dogo, ambao haujasafishwa tangu kabla ya Ramadhani.

"Umeuona?" akaniuliza.

"Haina haja ya kuona. Nawajua mbu."

Ijumaa, 24 Aprili

Nimesahihisha jaribio. Swali la nne: chora lava wa mbu na utaje sehemu zake. Rukaiya kapata kumi juu ya kumi. Lava wake ananing'inia chini ya uso wa maji kichwa chini, mrija wa kupumulia juu, hata mimi nisingeongeza kitu. Urvi nane, kasahau mrija. Naogopa kichwa kama kile cha Rukaiya kitakwenda kwa Ayoub kuhesabu faida na hasara.

Kisha nimeketi nikamwandikia sheha wa mtaa wetu barua ya kurasa mbili kuhusu mtaro. Nimeeleza mzunguko wa maisha ya mbu wote, na nimeambatanisha mchoro.

Jumanne, 28 Aprili

Majina tisa. Urvi hakuja skuli.

Alhamisi, 30 Aprili

Urvi amelazwa. Homa kali tangu Jumatatu, viungo vinamuuma, macho yanamuuma kwa nyuma. Wamempima damu: kidingapopo, homa ya mbu wa mchana. Daktari amesema ile sehemu ya damu inayogandisha imeshuka, lazima wamwangalie kila saa. Bwana Champsi amefunga duka. Katika miaka yote niliyokaa juu yake sijapata kuuona mlango ule umefungwa siku ya kazi.

Maisara ameshuka kukaa na mama yake Urvi. Mimi nimekaa na hasira zangu juu ya mtaro ule. Kesho namwandikia sheha barua ya pili.

Jumapili, 3 Mei

Bado yuko hospitali. Sijaandika utani leo.

Jumatatu, 4 Mei

Darasani hakuna aliyekuwa na hamu ya kusoma. Kiti cha Urvi kitupu, na ndicho kilichotazamwa na wote. Nilifungua mada mpya, usafirishaji katika mimea. Rukaiya akanyanyua mkono.

"Maalim, wewe unawajua mbu kuliko mtu yeyote."

"Naam."

"Basi waliomuuma Urvi wanatoka wapi?"

Nikasema mtaroni. Akauliza nimeona? Swali lile lile la Maisara, na mimi nikamjibu kwa sauti niliyokatazwa na muuguzi. Darasa likainamisha vichwa. Yeye hakuinamisha.

"Mimi sibishi, Maalim," alisema. "Nnataka kwenda kutazama tu."

Nimekaa nayo mchana kutwa. Miaka ishirini na sita hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia anataka kwenda kutazama. Na mimi nikamfokea.

Jumanne, 5 Mei

Nimemuomba Bi Shemsa ruhusa. Kesho baada ya vipindi tunakwenda.

Jumatano, 6 Mei

Naandika yote, kwa sababu nikilala nayo presha itanipanda.

Walikuja wanafunzi kumi na mmoja. Kila mmoja na chupa, na Rukaiya na upawa wa mama yake. Mvua ilikuwa imekata tangu juzi na jua lilikuwa kali. Njiani niliwapa hotuba. Niliwaambia mbu anatafuta maji yaliyotulia, na mtaro ule ni maabara tosha, waandae chupa zao.

Tulipofika, mtaro ulikuwa unakwenda mbio kama una miadi bandarini. Rukaiya alichota mara kumi kwa upawa, mahali kumi mbalimbali. Tulipata kokwa la embe, kandambili ya mguu wa kushoto na uchafu mwingine ambao sitautaja. Lava hatukupata hata mmoja.

"Pengine mvua imewachukua," nilisema.

"Pengine," akasema, akaandika sifuri kwenye daftari lake.

Tukaenda kwenye birika la msikiti. Limefunikwa vizuri, safi. Tukaenda kwenye mapipa ya nyuma ya duka la mikate. Mawili yana mifuniko, la tatu lilikuwa na lava watatu, na mwenye duka akalimwaga pale pale huku akituomba radhi. Watatu hawatoshi kuumiza mtaa. Vijana walianza kuchoka. Mimi nilianza kuchanganyikiwa.

"Maalim," alisema Rukaiya, "imebaki nyumba moja."

"Ipi?"

"Yenu."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Nikasema karibuni, mtapata na sharubati, na nikatangulia ngazi.

Maisara aliwapokea na bilauri za ukwaju. Nikawaonesha asumini, nikawaeleza namna vikuba vinavyofumwa, nikawaonesha na visahani vyangu, jinsi vilivyomaliza ugomvi na jirani. Nilikuwa katikati ya maneno hayo Rukaiya alipochuchumaa akainua kopo la kwanza kutoka kwenye kisahani chake.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Yalikuwa yanacheza.

Aliinua la pili, la tatu. Kisha akaniangalia, na usoni mwake hamkuwa na kejeli hata chembe. Ingekuwamo ningepata nafuu.

"Maalim, si hivi ndivyo nilivyovichora?"

Nikavaa miwani, nikainama. Wananing'inia chini ya uso wa maji, kichwa chini, mrija juu. Sehemu zote zipo. Kumi juu ya kumi.

Tulihesabu vyote, kwa sababu nilisema tuhesabu. Visahani sitini na tatu, hamsini na vinane vina viluwiluwi. Vitano visivyokuwa navyo vilikuwa vimepasuka.

Rukaiya alikuwa bado ameshika kisahani kimoja. "Maalim, kwetu Bububu hivi vimejaa pipani. Tunaviita vijidudu vya maji. Tunavipekecha kwa mkono, tunachota maji, basi. Nimevichora kwenye mtihani na nimerudi nyumbani nikachota maji, wala sikujua kuwa ni vile vile."

Nikamwambia ukweli. "Wala mimi, mwanangu."

Kila asubuhi namwagilia makopo yale. Nimevitazama viluwiluwi vile kwa macho haya siku ishirini na tano, nikarudi ndani kuandika barua kwa sheha. Mbu ninayemjua mimi ni wa chaki.

Maisara alisema, "Mganga hajigangi, mume wangu," akaanza kucheka. Akaniona uso, akaacha, akaniletea kiti.

Wanafunzi walipoondoka nilishuka kwa Bwana Champsi. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango. Alikuwa amekaa juu ya jora, simu mkononi, anangoja habari za hospitali. Nilimweleza bila kupamba: visahani vyangu, viluwiluwi, hamsini na vinane.

Aliiweka simu juu ya jora. Halafu akasema, "Visahani nilivitaka mimi."

"Ulitaka udongo usimwagike. Hukutaka mbu."

"Maalim, miaka arubaini nnauza nguo. Jora lenye kasoro nalijua kabla mteja hajalifungua. Wewe umefundisha mbu miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na hukumjua hata mmoja?"

Hakuliuliza kwa hasira. Aliliuliza kama mtu anayetaka kuelewa kweli, na ndiyo maana limenichoma. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeambiwa asimame.

Mwishowe akasema, "Kesho saa nne nakwenda hospitali. Twende sote."

Alhamisi, 7 Mei

Tumekwenda. Daktari ametwambia damu imeanza kupanda tangu jana jioni. Nikamuuliza kama ni mbu wangu. Akasema hakuna awezaye kumwita mbu mahakamani, pengine kaumwa kwingine, lakini visahani vile niviondoe leo.

Urvi alikuwa amekonda, macho makubwa. Babu yake alimwambia kila kitu, hakubakisha. Msichana akanitazama.

"Maalim, jaribio la mbu nilipata ngapi?"

"Nane."

"Kwa nini?"

"Ulisahau mrija wa kupumulia."

"Ungeniongeza mbili," alisema. "Mimi nimefanya na kwa vitendo."

Bwana Champsi alicheka mpaka akatoa leso. Mimi pia nilitoa yangu, lakini si kwa kucheka. Nilishukuru Mungu pale pale kando ya kitanda, kwa sauti, na muuguzi akanambia nipunguze.

Jumamosi, 9 Mei

Wanafunzi kumi na tisa juu ya dari. Kumi na tisa. Rukaiya amekuja na mifuko miwili ya mchanga wa Bububu, wengine wameleta walichopata kwenye nyumba zinazojengwa.

Tumemwaga maji yote na kusugua kila kisahani kwa kumbi za nazi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hugandamana ukingoni na hukaa makavu miezi yakingoja mvua. Hilo nalijua kitabuni tangu ujana wangu. Leo nimelipapasa kwa kidole: linakwaruza. Kisha tumejaza mchanga mpaka juu na kurejesha makopo. Maji yanapita, udongo unabaki, uso wa maji haupo.

Maisara alikaa kitini na kuangalia kazi yote kama bibi harusi.

"Huu si wakati wa mchanga," alisema. "Hii ni sayansi."

Atalisema mpaka siku ya kufa kwangu, na ana haki.

Jioni nimekwenda kwa sheha kuiondoa barua yangu. Alikuwa ameitundika ukutani kwa ajili ya mchoro. Nikamwomba aishushe. Akaniomba aukate mchoro abaki nao, nikamwachia.

Jumatatu, 11 Mei

Tulibakisha viluwiluwi thelathini kwenye chupa kubwa, mdomo tumeufunga kwa kitambaa cha neti alichokata Bwana Champsi mwenyewe, akakataa malipo. Chupa iko juu ya meza yangu. Sikuchora kitu leo. Niliwaambia watazame robo saa wasiseme, halafu waulize.

Waliuliza maswali arubaini na moja. Kwa nini vinashuka kivuli kikipita? Vinakula nini? Je, maji yakiwa na chumvi? Kwa nini mbu wa ghorofa ya juu wanamuuma mtu wa chini? Nimejua majibu kumi na mawili. Hayo mengine nimeyaandika ubaoni na jina la atakayetafuta. Jina langu lipo mara tano.

Majina kumi na tatu.

Alhamisi, 14 Mei

Wa kwanza ametoka. Buu lilipasuka mgongoni katikati ya kipindi, mbu akajivuta nje polepole, akasimama juu ya ngozi yake mwenyewe kama abiria anayesubiri mizigo. Watu thelathini na nne hawakupumua. Ayoub alipita dirishani kuuliza kwa nini darasa liko kimya, akaingia, akabaki mpaka kengele.

Nimemuona mbu mara yangu ya kwanza, nami nina miaka hamsini na saba.

Majina kumi na saba.

Jumatatu, 18 Mei

Urvi amerudi. Darasa limempigia makofi, naye ameomba achorwe ubaoni pamoja na mbu. Majina ishirini. Mvua imepungua, sasa ni rasharasha za asubuhi tu.

Bi Shemsa anataka ukurasa wangu Alhamisi. Sijaandika hata neno.

Alhamisi, 21 Mei

Asubuhi majina ishirini na moja. Mchana nilikuta Rukaiya amesimama mlangoni mwa ofisi na wenzake watatu, anawaonesha mahali pa kuandika. Walipoondoka nilitazama. Ishirini na nne. Jina lake halimo.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nakwenda biashara, Maalim. Nshamwambia baba, na ndicho ninachokitaka." Akaonesha karatasi kwa kidole. "Lakini nimekuletea hao watatu."

"Kwa hivyo haikukusaidia kitu."

"Mapipa ya kwetu yote yana mifuniko sasa. Na ya jirani. Mama ananiita bibi afya."

Nilitaka kuudhika. Kwa desturi yangu ningeudhika mpaka Isha. Badala yake nilirudi darasani, nikakaa peke yangu mbele ya ile chupa, tupu sasa kwa kuwa mbu wake tumeshawaua, nikaandika ukurasa wa Bi Shemsa. Haukujaa. Nimeunakili hapa:

"Mwanafunzi atakayeliacha somo langu aondoke akiijua nyumba yake: nani anaishi humo, anazaliwa wapi, anakula nini, anamdhuru nani. Aweze kukitambua nje ya kitabu kile alichokichora ndani ya daftari. Na asimsadiki mwalimu mpaka ameinua kopo lake. Hawa watakaoondoka ndio wengi, na ndio niliokuwa nimewasahau. Wanaobaki tutawafundisha figo."

Bi Shemsa ameusoma mara mbili, akauweka kwenye mkoba wake, si kwenye faili. Akasema bado ni ishirini na nne.

Ijumaa, 22 Mei

Siku ya mwisho. Karatasi zinabanduliwa kabla ya sala ya Ijumaa. Saa tatu, ishirini na nne. Saa nne, ishirini na nne. Nimeanza kufikiria ghala la Kiembe Samaki, na pengine panya nao wana la kufundishwa.

Saa nne na nusu Bwana Champsi ameingia uwanjani mwa skuli, koti na kofia, anashika ukuta kwa sababu ya magoti. Urvi nyuma yake, mkono mdomoni. Amekwenda moja kwa moja mlangoni mwa ofisi, akamwomba Bi Shemsa kalamu, akatia saini kwenye fomu, kisha akamwachia Urvi aandike jina lake mwenyewe.

"Na duka?" nilimuuliza.

"Duka lina mimi," alisema. "Damu ya mjukuu wangu imepanda imeshuka siku kumi, na kila mtu hospitalini alikuwa anaijua isipokuwa sisi nyumbani. Nataka mmoja wetu aijue." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini Maalim, safari hii umfundishe mbu wenye miguu."

Nimelia uwanjani, mbele ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Presha nzuri lakini. Muuguzi amepima mchana.

Jumamosi, 23 Mei

Dada yake Rukaiya anaolewa kesho, na vikuba wameagiza kwa Maisara. Asubuhi Rukaiya amekuja kuvichukua. Amepanda ngazi sabini na moja bila kuhema.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Vikuba vyako tayari, viko ndani kwenye sinia."

"Nimekuja kwa vikuba, na nimekuja kukagua."

Maisara akacheka, akaingia ndani kumfungia maua. Msichana akaanza pembe ya mashariki. Aliinua kila kopo, akapitisha kidole kwenye mchanga, akarejesha, akaweka alama ya chaki ukutani. Chaki yangu, nikaitambua. Mimi nilisimama na kikombe cha kahawa nikijifanya natazama bandari. Ilimchukua karibu nusu saa.

"Sitini na mbili," alisema mwishowe. "Kile cha pembeni kule mchanga umezama, maji yako juu."

"Ni mvua ya alfajiri. Hata saa tano hazijapita."

"Sitini na mbili juu ya sitini na tatu, Maalim. Ingekuwa sisi, ungetukata."

Ningewakata, tena kwa wino mwekundu. Nimeweka kikombe chini, nikainua kopo la waridi, nikamwaga maji, nikasugua kisahani kwa kumbi mpaka ukingoni, nikaongeza mchanga. Yeye alisimama pembeni yangu, vikuba vimefungwa kwenye jani la mgomba mkononi, akangoja mpaka nilipomaliza.